Umepata kazi mjini? Piga hesabu kabla ya kusema ndiyo

Simu inaingia jioni. Anayepiga anasema kuna nafasi ya kazi Dar es Salaam, mshahara ni zaidi ya laki tatu, na anataka jibu kesho kwa sababu watu wengine wanaisubiri. Kwa mtu aliyetoka kuuza gunia la mahindi kwa bei ya kutupa, laki tatu kila mwezi ni habari njema kweli. Ni habari ambayo pia inaweza kumrudisha nyumbani baada ya miezi minne akiwa na deni la nauli, msimu wa kulima ukiwa umempita.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuipima kazi uliyoahidiwa kabla hujaikubali: nani anakuita, mshahara unaotajwa ni upi hasa, utabaki na kiasi gani mkononi, na saa utakazofanya kazi zina thamani gani. Sheria tunazozitaja ni za Tanzania Bara, hasa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na viwango vyake ni tofauti.

Kwanza, ni nani anayekuita?

Kabla ya kuuliza mshahara, jua mwajiri ni nani. Mtu aliyekupigia mara nyingi siye mwajiri. Ni ndugu, jirani aliyehamia mjini, au dalali. Mwombe jina kamili la mwenye kazi au la kampuni, mahali ilipo, na namba ya simu ya mtu atakayekusimamia. Kisha pigia hiyo namba wewe mwenyewe. Kama una mtu wako mjini, hata rafiki uliyesoma naye, mwombe apite hapo mahali aone kama duka, kiwanda au nyumba hiyo ipo. Nusu siku ya rafiki huyo inaweza kukuokolea mengi.

Kuhusu pesa ya kupata kazi, msimamo wetu ni mfupi. Ukiambiwa utume elfu thelathini ya fomu, elfu hamsini ya sare, au pesa ya vipimo vya afya kwa namba ya mtu binafsi, acha. Wakala wa ajira anatakiwa kuwa na leseni kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kanuni za mwaka 2014 haziruhusu wakala kumtoza ada mtu anayetafuta kazi. Anayemlipa wakala ni mwajiri. Kazi za serikali zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kuomba hakulipiwi. Mtu anayesema ana nafasi ya serikali ya kukuuzia anakuuzia hewa.

Hali kadhalika, usitume picha ya kitambulisho chako cha NIDA kwa mtu usiyemjua, wala namba ya siri ya simu yako kwa mtu yeyote. Namba ya NIDA itahitajika siku ya kuandikishwa kazini, na siku hiyo utakuwa umeshamwona mwajiri uso kwa uso.

Zipo pia "kazi" ambazo si ajira. Unaitwa kwenye semina, unaambiwa ununue bidhaa uziuze, na kipato chako kitatokana na watu utakaowaingiza. Hapo hakuna mshahara, na mtaji ni wako. Kazi ya mauzo ya kweli inayolipa kwa kamisheni ipo, lakini uliza kama kuna mshahara wa kuanzia hata usipouza, na nani anabeba hasara bidhaa isipotoka.

Nini kiandikwe

Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi unapoanza kazi: kazi yenyewe ni ipi, inaanza lini, mkataba ni wa muda gani, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa, pamoja na stahili nyingine. Kama maandishi yako kwa lugha usiyoielewa, au husomi vizuri, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha umeelezwa kwa namna unayoelewa. Na ikitokea kesi, mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha mlichokubaliana, si wewe.

Katika orodha hiyo kuna jambo moja ambalo watu wengi hulipita bila kuliangalia: mahali ulipoajiriwa. Kama uliitwa ukiwa Dumila, hakikisha karatasi inasema Dumila, si Dar es Salaam. Ajira ikifika mwisho, sheria inamtaka mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako hadi mahali ulipoajiriwa, au alipe gharama za safari hiyo. Karatasi ikisema uliajiriwa Dar, nauli ya kurudi ni yako.

Tunajua kwamba kazi nyingi ndogo hazina karatasi. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, ila kuuthibitisha ni kazi ngumu. Ndiyo maana simu yako ina msaada mkubwa hapa. Baada ya kuongea na mwajiri, mtumie ujumbe mfupi kama huu: "Asante sana bosi. Nimeelewa kwamba kazi ni ya ghala, mshahara shilingi 312,000 kwa mwezi, naanza tarehe 3, siku ya mapumziko ni Jumapili. Kama nimekosea naomba unisahihishe." Akijibu "sawa", usiufute ujumbe huo. Ukibadilisha simu, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe.

Mshahara gani: wa kutajwa au wa kushika?

Mwajiri anapotaja mshahara, uliza swali moja: "Hicho ni kabla ya makato au baada?" Kama ni kabla, makato ya kisheria kwa mfanyakazi wa sekta binafsi kwa kawaida ni mawili.

La kwanza ni mchango wa hifadhi ya jamii, NSSF. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri anaruhusiwa kukukata wewe usiozidi asilimia 10, na inayobaki anatoa yeye. La pili ni kodi ya mishahara, ambayo wengi huiita PAYE. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kodi. Kinachozidi hapo, hadi 520,000, kinakatwa asilimia 8. Juu ya 520,000 viwango vinapanda hatua kwa hatua hadi asilimia 30. Mchango wa NSSF unaondolewa kwanza, ndipo kodi inahesabiwa kwa kilichobaki.

Tuseme umeahidiwa shilingi 312,000. (Tumechagua kiasi hiki ili hesabu zitoke sawasawa.) NSSF asilimia 10 ni 31,200, inabaki 280,800. Kinachozidi 270,000 ni 10,800, na asilimia 8 yake ni 864. Unashika 279,936.

Kuna mchango mwingine unaoweza kuusikia, wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huo unalipwa na mwajiri peke yake. Ukiambiwa unakatwa kwa ajili ya WCF, uliza kwa sheria ipi.

Kama mwajiri anasema hatakata chochote, usifurahi haraka. Asipokuandikisha NSSF, unapata elfu thelathini na moja zaidi mwezi huu, lakini na ile sehemu yake ya asilimia 10 unaikosa, pamoja na mafao ya uzazi na ya uzee. Sisi tunaona mshahara mdogo kidogo wenye NSSF ni bora kuliko mkubwa kidogo usio nayo. Lakini tunaelewa mtu mwenye mgonjwa nyumbani atakayeamua vingine.

Angalia pia jinsi mshahara ulivyogawanywa. Mwajiri mmoja anaweza kukupa 400,000, yote ikiwa mshahara wa msingi. Mwingine akakupa 400,000, nusu ikiwa msingi na nusu posho. Siku ya malipo ya kawaida huoni tofauti. Unaiona unapolipwa saa za ziada au kiinua mgongo, kwa sababu hayo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi.

Mji unakula kiasi gani?

Turudi kwa yule anayeshika 279,936. Amepanga chumba cha 50,000 kwa mwezi. Anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja shilingi 600: ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Chakula cha 5,000 kwa siku, bila anasa, ni 150,000 kwa siku 30. Maji, umeme, sabuni, vocha na kunyoa, tuweke 25,000. Jumla ni 287,400.

Amepungukiwa 7,464, na hajatuma hata shilingi nyumbani. Hapo hatujahesabu kodi ya chumba ambayo wenye nyumba wengi huitaka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, godoro, jiko, na chakula cha mwezi wa kwanza kabla mshahara haujatoka.

Sasa mchukue mwenzake aliyeahidiwa 240,000, pungufu kwa 72,000, ila analala kwenye chumba cha mwajiri hapohapo kazini na anapata chakula cha mchana. Akikatwa NSSF anabaki na 216,000, na kodi haimgusi. Chakula cha asubuhi na jioni, 3,000 kwa siku, ni 90,000. Mahitaji madogo ni yaleyale 25,000. Anabaki na 101,000 kila mwezi. Huyu mwenye mshahara mdogo ndiye atakayejenga.

Bei hizi ni za mfano. Weka za kwako: mpigie mtu anayeishi eneo hilo, si mtu wa mji huo tu, kwa sababu chumba cha Mbagala na cha Sinza havifanani. Uliza kodi, nauli na sahani ya wali.

Halafu hesabu unachokiacha. Ukiondoka Februari wakati wa kutayarisha mashamba ya masika, nani atalima? Kama ni kibarua, mlipe kwenye hesabu yako. Kama shamba litalala, gunia ambazo ungevuna ni sehemu ya bei ya kazi hiyo. Kwa mtu mwenye ekari mbili za mpunga kule Kilosa, kuomba aanze kazi baada ya mavuno kunaweza kumfaa kuliko kuongezewa elfu ishirini.

Saa zako zina bei

Sheria inaweka saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, ambazo zinatakiwa kuwa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na kila saa ilipwe mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya taifa, malipo ni mara mbili. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Mameneja hawamo katika utaratibu huu wa saa, na ndiyo sababu baadhi ya waajiri hupenda kumwita muuza duka "meneja".

Ili kujua bei ya saa yako, gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 195. Namba hiyo inatokana na saa 45 kwa wiki mara wiki 4.333 za mwezi. Mshahara wa 312,000 ni shilingi 1,600 kwa saa.

Lakini tuseme ghala linafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, una saa moja ya kula, na unafanya hivyo siku sita. Hizo ni saa 12 kwa siku, 72 kwa wiki, karibu 312 kwa mwezi. Mshahara uleule sasa ni shilingi 1,000 kwa saa. Saa 27 za ziada kila wiki, zikilipwa kisheria kwa shilingi 2,400 kila moja, zingekuwa karibu 280,800 kwa mwezi. Hiyo ndiyo pesa unayomwachia mwajiri. Na hata akilipa, ni saa 108 kwa wiki nne, wakati sheria inaishia 50.

Kwa hiyo usiulize tu "mshahara ni kiasi gani?" Uliza "kazi inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, na siku ya kupumzika ni ipi?" Kwa anayelala kazini swali hilo ni zito zaidi. Chumba cha bure kinaweza kugeuka kuwa kuamshwa saa 9 usiku kushusha mzigo.

Anapokuita ndugu

Kazi ngumu kuliko zote kuipima ni ile inayoletwa na shangazi au mama mdogo: "Mlete huyo binti aje anisaidie kazi za ndani, nitamlea kama mwanangu, nitampeleka na cherehani." Kuuliza mshahara hapo kunaonekana ni kukosa adabu. Mzazi ananyamaza, binti anapanda basi. Mwaka unapita na cherehani haijatajwa tena.

Kazi za ndani ni ajira kama nyingine, na serikali huzipangia kima cha chini. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Kilimo kiliwekewa 140,000, biashara na viwanda 150,000. Viwango vya sekta binafsi vilipandishwa tena kuanzia Januari 2026, na kila sekta ina chake. Afisa Kazi wa mkoa atakueleza cha kazi yako. Hapaswi mtu kukulipa chini ya hapo hata kama umekubali.

Anayefaa kuuliza ni mzazi au mlezi, si binti. Na yako maneno yasiyovunja undugu: "Dada, tunashukuru kwa kumkumbuka mtoto. Sisi huku tunataka tuelewane mapema ili baadaye pasiwe na maneno. Atakuwa anapata kiasi gani, na pesa yake ataishika mwenyewe? Hiyo cherehani ataanza mwezi gani, na siku zipi?" Swali la nani anashika pesa lina uzito, maana "ninamtunzia" ndiyo njia ambayo mishahara mingi ya mabinti hupotelea. Laini ya simu iwe kwa jina lake, na alipwe humo.

Umri nao uangaliwe. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, na aliye chini ya miaka 18 hapewi kazi ya hatari kwa afya wala inayomzuia shule.

Kuomba kiongezwe

Watu wengi hudhani ukiomba nyongeza, kazi itapewa mwingine. Hilo linaweza kutokea, hasa kwenye kazi ambazo wanaozitaka ni wengi. Lakini mwajiri aliyekuchagua tayari ametumia muda wake kukuchagua, na kuuliza kwa heshima si kukataa. Mpe sababu yenye namba: "Nimepiga hesabu ya nauli nikaona ni elfu sitini na mbili kwa mwezi. Je, kuna usafiri, au inawezekana kuniongezea kidogo hapo?" Kama pesa haiwezekani, yapo mengine: chakula cha mchana, chumba, nauli ya kuja kuanza kazi, kuanza baada ya mavuno, au mshahara kupitiwa upya ukimaliza majaribio. Ukikubaliwa lolote, liingie kwenye ule ujumbe wa simu.

Majaribio yenyewe uliza ni ya muda gani na mshahara wake ni upi. Hayatakiwi kuzidi miezi 12. Jua pia kwamba ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hauwahusu waliofanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, kwa hiyo usiuze ng'ombe wala usihamishe familia katika miezi hiyo. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza, anastahili taarifa ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Na wewe ukitaka kuondoka unatakiwa uitoe vivyo hivyo.

Uliza pia kuhusu hasara. Kwenye maduka, baa na maghala kuna mtindo wa kumkata mfanyakazi kila kinachopungua. Mwajiri hawezi kukukata kwa hasara kabla hajakueleza deni hilo na kukupa nafasi ya kujieleza, na makato ya aina hiyo hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara.

Kazi za Oman na nchi nyingine za Ghuba zinahitaji makala yake. Hapa tuseme hili tu: mkataba usomwe na ueleweke kabla ya tiketi kukatwa, wakala awe na leseni, na nakala ya mkataba na ya pasipoti ibaki kwa mtu wa nyumbani.

Ukishaanza

Mwezi wa kwanza ukilipwa, linganisha na hesabu yako. Mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya maandishi ya mshahara na makato. Kama umekatwa NSSF, omba namba ya uanachama na uulize ofisi yao kama mchango umefika. Waajiri wanaokata bila kupeleka wapo.

Kama ahadi na malipo havilingani, ongea na mwajiri kwanza, kisha Afisa Kazi. Ikishindikana, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ikiwemo ya mshahara, ndani ya siku 60. Nenda na daftari lako na ile simu yenye ujumbe ambao bosi alijibu "sawa".